Pikipiki ya Mkataba, Gari la Mkopo, na Uhuru wa Nyumba

Somo la mwezi huu lahusu deni la chombo cha safari. Twaulizwa mara nyingi, Je, ni vema Mkristo achukue pikipiki ya mkataba, au anunue gari kwa mkopo wa mshahara? Wengine hujibu upesi kwamba deni lolote ni utumwa. Wengine hujibu upesi vilevile kwamba asiyekopa hatapata kitu maishani. Sisi twaomba msijibu upesi. Chukueni karatasi na kalamu, tuhesabu pamoja. Maana katika Luka 14:28–30 Bwana wetu alimtaja mtu atakaye kujenga mnara, akaonyesha ya kuwa kazi yake ya kwanza ni kuketi na kuhesabu gharama. Kuketi kwatangulia kujenga.

1. Jambo lenyewe lilivyo kwetu

Kila apitaye Kidahwe aona jinsi mahali pale palivyo. Barabara itokayo Kigoma yafika pale na kugawanyika, moja yaelekea Uvinza, nyingine yaelekea Kasulu. Mahali pa njia panda pana abiria, na palipo na abiria pana pikipiki. Kanuni za serikali za mwaka 2010 ziliruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni, na tangu hapo vijana wengi wameifanya kazi hiyo kuwa jembe lao. Wabeba watu, wabeba madumu ya mawese, wabeba dagaa kutoka mwaloni, na usiku wampeleka mama mjamzito zahanati. Kazi hii ni halali, nayo ni msaada mkubwa kwa jirani. Hatuidharau hata kidogo.

Lakini kijana asiye na fedha za kununua pikipiki ana njia mbili. Njia ya kwanza ni kuendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea mwenyewe fedha kila siku, ambazo vijana huziita hesabu. Akifanya hivyo hata miaka kumi, chombo hakitakuwa chake. Njia ya pili ni mkataba. Hulipa fedha nyingi zaidi kila wiki, na muda ulioandikwa ukiisha hukabidhiwa kadi ya pikipiki, na chombo huwa mali yake. Njia hii ya pili yapendeza macho, na tutaona kwamba ina faida ya kweli. Ila ina mlango mwembamba, na wengi huumia mlangoni.

2. Deni si jambo geni katika pwani ya Ziwa

Mtu asidhani ya kuwa mikataba hii imekuja pamoja na pikipiki. Mji wa Ujiji ulikuwa mwisho wa njia kubwa ya misafara kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Wafanyabiashara wengi wa misafara waliofika huko walibeba nguo na shanga walizochukua kwa mkopo kwa matajiri wa Unguja. Tippu Tip, ambaye habari zake zajulikana sana, alikopeshwa na tajiri wa Kihindi jina lake Taria Topan. Mali ilitolewa Unguja, na malipo yalingojewa kwa pembe za ndovu. Basi mwenye deni hakuweza kurudi mikono mitupu. Ilimpasa aendelee mbele, ng'ambo ya Ziwa, hata apate pembe, na sisi wazao wa nchi hizi twajua watu wangapi walitekwa na kuuzwa katika safari hizo.

Hatusemi ya kuwa deni peke yake lilileta maovu yale, kwa maana tamaa ya watu ilitosha. Lakini twajifunza neno moja: deni lina mkono wa kumsukuma mtu nyuma. Humwambia, Nenda, hata pale ambapo akili yake na dhamiri yake zamwambia, Pumzika, au, Usiende. Mithali 22:7 yafundisha jambo hilo hilo, kwamba mkopaji yuko chini ya mamlaka ya mkopeshaji. Basi swali la kwanza la kumwuliza kijana atakaye mkataba ni hili: Deni hili litakusukuma wapi, na siku gani?

3. Tuhesabu pikipiki

Bei hubadilika, na kila mkataba una masharti yake. Kwa hiyo tutumie mfano, na kila msomaji aweke hesabu zake mahali pa hizi zetu.

Tuseme pikipiki yauzwa shilingi 3,000,000 kwa fedha taslimu. Kwa mkataba, kijana atalipa shilingi 70,000 kila wiki kwa wiki 65. Jumla ni shilingi 4,550,000. Ziada ni shilingi 1,550,000, nayo ndiyo gharama ya kutokuwa na fedha mkononi siku ya kwanza.

Tuseme tena ya kuwa kijana huyu hupata shilingi 25,000 kwa siku, na petroli yala 8,000. Zabaki 17,000. Akifanya kazi siku sita na kupumzika siku ya Bwana, ana shilingi 102,000 kwa wiki. Aondoe 70,000 za mkataba, zabaki 32,000. Aondoe 7,000 za oili, cheni, pancha na akiba ya tairi, zabaki 25,000. Fedha hizo ndizo chakula cha nyumba, sabuni, madaftari ya watoto, dawa, na sadaka.

Sasa tumwone akipatwa na homa siku mbili tu. Siku nne za kazi zampa 68,000. Malipo ya mkataba ni 70,000. Hata kabla ya kununua unga amekwisha kupungukiwa. Hakuwa mvivu wala mlevi, aliugua siku mbili kama watu wote wauguavyo.

Hapa ndipo tuonapo mlango ule mwembamba. Kijana huyu atafanya nini wiki ile? Ataendesha Jumapili. Ataendesha usiku hali amechoka. Atabeba abiria watatu mahali pa mmoja, na kuongeza mwendo kwenye kona. Au atakopa kwa simu ili alipe mkopo. Waalimu, mkimwona kijana aliyekuwa mwaminifu katika kwaya ametoweka Jumapili tatu, msianze kwa kumkemea juu ya amri ya tatu. Mwulizeni kwanza kama ana mkataba, na wiki ngapi zimebaki.

4. Malipo hayajui mwezi wala mvua

Sisi watu wa Ziwa tuna majira yetu. Mvuvi wa dagaa huenda usiku wa giza akiwa na taa zake. Mbalamwezi ikiwa kamili mavuno hupungua, naye hutengeneza nyavu na kupumzika. Kwa hiyo fedha za mwaloni Kibirizi huja na kwenda kwa kuufuata mwezi. Mwaka 2024 Ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Jambo hilo lilikuwa na maana njema, kwani asiyewaachia samaki wazae atakosa samaki kesho. Lakini miezi mitatu ni wiki 13. Mwenye kubeba dagaa kwa pikipiki ya mkataba wa wiki 65 angefikiwa na majira hayo katika sehemu ya tano ya mkataba wake wote.

Mkulima wa michikichi naye ana miezi ya mavuno mengi na miezi ya machache. Na mvua kubwa ikinyesha, njia za vijijini nje ya lami huwa matope, na abiria hukaa nyumbani. Mapato yetu yapanda na kushuka kama maji ufukweni. Malipo ya wiki ni kama nguzo ya gati, hayapandi wala hayashuki. Basi atakayefunga mapato ya namna hii kwenye malipo ya namna ile hana budi kuacha kamba iliyo ndefu kidogo. Kamba hiyo ni akiba.

5. Shauri la wiki kumi

Je, twamkataza kijana asichukue mkataba? Hapana. Tuhesabu tena, ili tusiseme neno lisilo haki.

Tuseme anayeendesha pikipiki ya mwingine hupeleka hesabu ya shilingi 7,000 kwa siku, yaani 42,000 kwa wiki ya siku sita. Amlipa mwenye chombo 28,000 pungufu ya yule wa mkataba. Akiziweka 28,000 hizo kila wiki bila kukosa, atahitaji wiki 108 kutimiza shilingi 3,000,000 za kununua pikipiki yake, na katika muda huo atakuwa amelipa hesabu ya zaidi ya shilingi 4,500,000 kwa chombo kisicho chake. Kwa hiyo, kwa mfano huu, mkataba wampa chombo mapema kwa wiki 43 na kwa fedha chache. Mwenye kusema ya kuwa kila deni ni upumbavu hajahesabu.

Lakini faida hiyo ni ya yule afikaye wiki ya 65. Aliyeshindwa wiki ya 40 na kunyang'anywa chombo amekwisha kutoa 2,800,000, naye hana pikipiki. Jambo kubwa basi ni kufika.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kabla ya kutia sahihi, kijana aendeshe kwa hesabu ya kawaida kwa wiki kumi, na kila wiki atenge zile 28,000, aziweke katika kikundi cha akiba au katika chama cha akiba na mikopo, mahali ambapo hazichukuliki ovyo. Katika wiki hizo nyumba yake itaishi kama itakavyoishi wakati wa mkataba. Mke ataona, watoto wataona, naye mwenyewe ataona. Wiki ya kumi ikiisha atakuwa na shilingi 280,000, nazo ni malipo ya wiki nne nzima. Hapo amepata vitu viwili kwa mara moja. Amejipima kama aweza kuubeba mzigo, na amepata ngao ya siku za homa, mvua na mbalamwezi.

Na ikiwa katika wiki kumi alishindwa kuweka akiba mara nne au tano? Basi ameonywa kwa gharama ndogo. Mkataba ungemwonya kwa gharama ya chombo. Haraka haraka haina baraka, na wiki kumi si nyingi kwa mtu atakaye kutembea wiki 65.

6. Gari la mshahara

Sasa twageukia ndugu zetu wenye mishahara, walimu wa shule, wauguzi, makarani, hata sisi watumishi wa kanisa. Tuseme mmoja wao akaa Kidahwe na kazi yake iko Kigoma mjini. Ataka gari dogo lililokwisha kutumika Japan. Akopa shilingi 12,000,000, na kila mwezi mshahara wake wakatwa 300,000 kwa miezi 60. Atarudisha 18,000,000. Petroli, bima, matairi na fundi, tuseme 200,000 kwa mwezi, ni 12,000,000 nyingine. Jumla ni shilingi 30,000,000 kwa miaka mitano. Kama nauli zake zingalikuwa 120,000 kwa mwezi, angalitumia 7,200,000. Tofauti ni 22,800,000.

Je, fedha hizo zimepotea? Si zote. Gari litabaki, ingawa limechakaa. Hatanyeshewa kituoni. Usiku mama yake akizidiwa, atamfikisha Hospitali ya Maweni bila kumbembeleza mtu. Hayo ni mema ya kweli. Walakini pikipiki ya kazi huleta fedha ya kujilipia, na gari la starehe hungojea fedha kutoka mahali pengine. Nalo lina miezi 60 ya kumfunga bwana wake. Mtoto akichaguliwa kwenda shule ya mbali, 300,000 zimekwisha kukatwa. Akipata uhamisho, zinakatwa. Akitaka kuacha kazi inayomsumbua dhamiri, hawezi kuiacha. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya gari kuingia uani jirani hushangilia, na siku ya mshahara kupungua hakuna wa kushangilia.

Naye twampa shauri lile lile. Ajikate mwenyewe kwanza. Aweke 300,000 kila mwezi kwa miaka miwili, atakuwa na 7,200,000. Akiona bado ataka gari lile lile, akope 4,800,000 zilizobaki. Deni limekuwa dogo kuliko nusu, na miaka miwili imemfundisha kama gari lilikuwa haja yake au lilikuwa kumtazama jirani. Amri ya tisa yahusu nyumba ya jirani, na mara nyingi tamaa yake huanzia uani, penye gari lake.

7. Je, raha ni dhambi?

Wengine watasema, Mchungaji ataka tuhesabu hata tusahau kufurahi. La, hasha. Mhubiri 5:18 yafundisha ya kuwa kula, kunywa na kuona mema katika kazi ya mikono ni fungu ambalo Mungu mwenyewe humpa mtu. Na Luther, alipoeleza katika Katekisimo Ndogo maana ya mkate wa kila siku, hakutaja chakula peke yake. Alihesabu nguo na nyumba, shamba na mali, hata amani, marafiki wema na majirani waaminifu. Mkate wa kila siku ni mpana.

Kwa sababu hiyo hiyo twasema: hesabu yoyote inayokubali tu ukiiondoa Jumapili, ukiiondoa sahani ya jioni pamoja na watoto, na usingizi wa usiku, hesabu hiyo haikukubali. Mtu aliye na chombo kizuri lakini hana saa moja ya kuketi na mke wake amenunua kwa bei ambayo haikuandikwa katika mkataba. Raha ndogo iandikwe katika karatasi pamoja na petroli. Samaki wa kuchoma siku moja kwa mwezi, safari ya kumwona bibi Kasulu, nguo ya sikukuu, hivyo navyo vina haki ya mahali pake. Wala mwenye kuhesabu vema, akaona aweza, akanunua gari kwa furaha tu, hatumhukumu. Amlipie mwenye haki haki yake, aendeshe kwa shukrani, na ampakie jirani.

8. Neno kwa wenye vyombo na wakopeshao

Katika sharika zetu wamo pia wenye pikipiki za mkataba. Kwao twasema kwa upole na kwa nguvu. Kumbukumbu la Torati 24:6 yakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ndilo uhai wa nyumba. Pikipiki ya kijana ni jiwe lake la kusagia. Basi mkataba uandikwe, usomwe mbele ya mashahidi, na kila malipo yapate stakabadhi. Kiwepo kifungu cha ugonjwa na cha ajali. Na mtu aliyelipa wiki 60 katika 65 asinyang'anywe kama mtu asiyelipa kitu. Hayo ni wizi uliovaa sahihi. Mwaka 1540 Martin Luther aliwaandikia wachungaji akiwahimiza wahubiri dhidi ya riba ya kunyonya, na kazi hiyo haijaisha.

Kuhusu wakopeshao wengine, jihadharini na mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka mkopeshaji awe na leseni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizofanya kazi bila kibali. Ombeni kuona leseni kabla ya kupokea fedha. Tena kumbukeni ya kuwa halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Vijana wafuate habari zake katika ofisi ya kata.

Twamaliza kwa yule mjane wa 2 Wafalme 4:1–7, ambaye mdai alikuja kuwachukua wanawe. Mungu alipompa mafuta, nabii alimwagiza auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa yaliyosalia. Angalieni utaratibu huo. Deni lililipwa, na nyumba ilibakiwa na kitu cha kuishi. Mkataba wowote usioacha masalio kwa wana, usitieni sahihi.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Andikeni mapato ya wiki nzuri na ya wiki mbaya ya mwendesha pikipiki mmoja wa kijijini kwenu. Malipo ya mkataba yatatoka katika ipi?
2. Ni majira gani katika mwaka wetu yapunguzayo fedha, na akiba ya wiki ngapi yatosha kuyavuka?
3. Someni Luka 14:28–30. Kwa nini kuketi kwatangulia kujenga?
4. Usharika waweza kufanya nini kwa kijana aliyeugua akiwa amebakiza wiki tano?
5. Taja raha moja ya nyumbani kwako ambayo hutaki deni iichukue.